Kadi ya CoralWatch ya kupimia rangi ya matumbawe: inachoweza na isichoweza

Kwa vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU), walinzi wa hifadhi za bahari, waongoza watalii na walimu wa pwani wanaotaka kufuatilia kupauka kwa matumbawe bila maabara, kadi hii haina mpinzani katika vifaa vya bei ndogo. Ila ina masharti. Ukiitumbukiza majini mara moja ukaandika namba zako kisha ukaiweka kabatini, hujapima chochote cha maana. Ukiirudisha kwenye matumbawe yaleyale wakati wa joto na wakati wa baridi, mwaka hadi mwaka, utakuwa na kumbukumbu ambayo watafiti wenye mashine za bei mbaya hawana, kwa sababu wao huja wiki moja na kuondoka.

Kadi ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Queensland mjini Brisbane, Australia, chini ya mradi wa CoralWatch ulioanza 2002. Uthibitisho wake ulichapishwa 2006 na Ulrike Siebeck na wenzake, akiwemo Ove Hoegh-Guldberg, mmoja wa watu waliotangulia kuueleza ulimwengu kwamba joto la bahari ndilo linaloyapausha matumbawe. Walilinganisha namba zilizosomwa kwa jicho na vipimo vya maabara, na kadi ikafaulu kuonyesha tumbawe linapopoteza rangi na linapoirudisha. Jina lisikuchanganye: CoralWatch ni mradi wa Queensland wenye kadi, na Coral Reef Watch ni kitengo cha NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga, kinachofuatilia joto la bahari kwa setilaiti. Kazi nzuri huzitumia zote mbili.

Rangi inayopimwa ni ya nani

Tumbawe ni mnyama. Bonge moja au kichaka kimoja unachokiona ni mkusanyiko wa vinyama vidogo viitwavyo polipu, vilivyojijengea mifupa ya chokaa. Nyama ya polipu ni nyembamba, karibu haina rangi, na mfupa ulio chini yake ni mweupe. Ule ukahawia, uzaituni na umanjano wa mwamba wenye afya unatokana hasa na zuzanthela, yaani mwani wa chembe moja unaoishi ndani ya nyama hiyo. Mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na sehemu kubwa ya chakula humfikia mwenyeji wake. Kwa matumbawe mengi ya maji mafupi inaweza kufika asilimia 90 ya nishati anayohitaji.

Joto la maji likizidi kwa nyuzi 1 kiwango cha kawaida cha mwezi wenye joto kuliko yote, na likakaa hivyo kwa wiki kadhaa, usanisinuru wa mwani huvurugika na kuzalisha kemikali za oksijeni zinazodhuru chembe. Hapo tumbawe huutoa mwani nje, au mwani hubaki ndani lakini hupoteza klorofili yake. Nyama ipo, rangi haipo, mfupa mweupe unaonekana. Tumbawe limepauka. Halijafa, lina njaa, na linaishi kwa akiba ya mafuta iliyomo mwilini.

Hapa ndipo tumbawe linapotofautiana na wanyama wengine wanaosumbuliwa na tabianchi kwa upande wa rangi. Sungura wa theluji wa Amerika Kaskazini hubadili manyoya kwa kufuata urefu wa mchana, na theluji inapochelewa kuanguka hubaki mweupe juu ya ardhi ya kahawia, akaonekana na kila adui. Rangi yake inamponza kwa sababu inaonekana. Kwa tumbawe, rangi ni ghala la chakula lenyewe. Ingawa hata huko mwambani lipo la kuonekana: samaki wadogo wanaojificha kwenye matawi hujitokeza waziwazi tawi linapokuwa jeupe, na majaribio yaliyochapishwa 2009 kutoka Australia yalionyesha kwamba wawindaji huwaandama zaidi samaki walio kwenye matumbawe yaliyopauka au yaliyokufa karibuni.

Kadi yenyewe

Ni mraba wa plastiki isiyoharibiwa na maji. Kila upande kati ya pande zake nne umebeba jamii moja ya rangi, na jamii hizo zimepewa herufi B, C, D na E. Kila jamii ina visanduku sita: 1 ni cheupe au karibu na weupe, 6 ni kilichokoza kuliko vyote. Unaitumia kama kadi ya sampuli katika duka la rangi za nyumba, isipokuwa hapa visanduku vilichaguliwa kutokana na rangi za matumbawe halisi, yenye afya na yaliyopauka. Ukisoma, unaandika herufi na namba pamoja: D4, C2, E5.

Herufi ipo ili kulisaidia jicho lilinganishe kwa urahisi. Kipimo ni namba. Kikundi kipya hukawia mwambani kikibishana kama ni C4 au D4, na ubishi huo hauna faida, kwani yote mawili ni 4. Kama kuna la kubishania, ni 3 au 4.

Kanuni ya kukariri ni hii: mabadiliko ya namba 2 au zaidi kwa tumbawe lilelile yanamaanisha kiasi cha mwani kimebadilika kweli. Mabadiliko ya namba 1 yanaweza kuwa wingu lililopita, jicho la mtu mwingine, au majira. Anayetangaza kwamba mwamba unakufa kwa sababu wastani umeshuka kutoka 4.3 hadi 3.8 anaikosea kadi heshima.

Namna ya kuisoma majini

Fungeni kadi kwa kamba ya mkononi, la sivyo mkondo utaichukua siku ya kwanza. Andikeni kwa penseli ya kawaida kwenye kibao cha plastiki kilichopigwa msasa kidogo ili kishike maandishi, au kwenye karatasi maalumu isiyolowa. Fanyeni kazi wawiliwawili: mmoja anasoma, mwenzake anaandika na kuangalia usalama.

Kina cha mita 1 hadi 5 kinafaa kwa mtu mwenye miwani na snokeli. Nendeni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa juu, maji yakiwa yamepwa na kutulia. Siku za bamvua maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi, kwa hiyo mwamba ule ambao asubuhi umefunikwa na mita 4 za maji, mchana unaweza kuwa magotini. Andikeni kina halisi cha wakati mnaposoma. Kwenye mwamba unaokauka kabisa inawezekana kupima kwa kutembea, lakini kila hatua nje ya mchanga inavunja kitu, na matumbawe yaliyoachwa juani kwa saa mbili hupauka kwa sababu nyingine kabisa, jua na hewa kavu. Msiyachanganye na ya joto la maji.

Uchaguzi wa tumbawe la kupima ndio unaoharibu takwimu nyingi kabla kadi haijaguswa. Jicho la binadamu hukimbilia cheupe. Ukimwachia mtu achague, siku ya kupauka ataleta matumbawe meupe matupu, na ripoti itasema mwamba mzima umekwisha. Wekeni sheria isiyo na hiari: piga mapezi mara kumi, simama, pima tumbawe lililo karibu na mkono wa kulia, endelea. Afadhali zaidi, pimeni matumbawe yenye alama, na hilo tutalirudia.

Ukishalifikia tumbawe, tafuta sehemu yake iliyofifia kuliko zote, ila ruka ncha za matawi na ukingo wa sahani. Hizo ni sehemu zinazokua, na huwa nyeupe hata kwenye tumbawe lenye afya tele. Sogeza kadi hadi ikaribie kugusa nyama, bila kuigusa. Zungusha upande hadi upate jamii inayofanana, kisha soma namba. Rudia kwa sehemu iliyokoza kuliko zote. Kwa hiyo kila tumbawe lina namba mbili. Andika na umbo: matawi, bonge, sahani, au tumbawe laini. Pimeni matumbawe 20 au zaidi kwa kila ziara.

Kwa nini kadi ikae karibu na tumbawe? Maji hunywa mwanga mwekundu kwanza, na kina kinapoongezeka kila kitu huelekea bluu. Kadi na tumbawe vikiwa pamoja, vimepungukiwa mwanga kwa kiasi kilekile na ulinganisho unabaki wa haki. Ukiishika kadi mbele ya miwani huku tumbawe liko mita mbili chini yako, namba utakayoisoma haitakuwa sahihi. Kivuli cha mwili wako kikiangukia tumbawe na kadi ikabaki juani, utalisoma tumbawe kuwa limekoza kuliko lilivyo. Kuhusu tochi, amueni moja: itumike kila ziara au isitumike kabisa.

Kabla ya ziara ya kwanza, kila msomaji apime matumbawe kumi yaleyale peke yake bila kusikia namba za mwenzake. Mkitofautiana kwa namba 1 hapa na pale, hakuna shida. Mtu ambaye kila mara yuko juu au chini kwa 2 aandike, asisome. Asiyetofautisha vizuri rangi nyekundu na kijani naye ajaribiwe hapohapo, maana wengine husoma weusi na weupe vizuri kabisa na kinachowashinda ni herufi tu.

Hesabu ni nyepesi. Tumbawe lililosomwa D3 upande uliofifia na D5 upande uliokoza lina wastani wa 4. Jumlisha wastani wa yote, gawanya kwa idadi. Lakini msiishie kwenye wastani. Mwamba wenye matumbawe kumi ya 6 na kumi ya 2 una wastani wa 4, sawasawa na mwamba ambao yote ishirini ni 4. Wa kwanza umo kwenye janga na wa pili unaendelea na maisha yake. Chora idadi ya matumbawe kwa kila namba, na utenganishe maumbo: Acropora za matawi na Pocillopora hupauka mapema na kufa mapema, ilhali Porites za mabonge hustahimili zaidi na mara nyingi hupona.

Inapokosea

Kosa kubwa kuliko yote, na ambalo kadi haiwezi kukuonya, ni tumbawe lililokufa kusomwa kama lililopona. Mfuatano wake ni huu. Wiki ya kwanza umesoma 1, tumbawe ni jeupe kama chokaa. Unarudi baada ya mwezi, kadi inasema C4 na kikundi kinafurahi. Kumbe polipu wamekwisha kufa na mfupa umefunikwa na utando wa mwani wa nje, ule wa kawaida unaoota juu ya kila kitu kisicho hai. Utando huo ni kahawia au kijani-kahawia, na kwa kadi hauna tofauti na zuzanthela. Dawa yake ni kuangalia kabla ya kupima. Sogea sentimita 20. Tumbawe hai lina uso unaong'aa kidogo, wenye ute, na vinywa vya polipu au minyiri yake huonekana. Tumbawe lililokufa lina uso wa manyoyamanyoya, hushika vumbi la mchanga, na ukipunga mkono juu yake vumbi huruka. Kwenye karatasi yenu ongezeni safu moja: hai, hai kwa sehemu, limekufa. Karibu makosa yote mazito ya kadi hii yanazuiwa na safu hiyo moja.

La pili ni weupe usio wa joto. Kiti cha pweza chenye miiba, yule wa Acanthaster, hula nyama na kuacha mfupa mtupu. Konokono wa Drupella hufanya hivyohivyo kwa kiasi kidogo, kwa kawaida kuanzia shina la matawi, na ukichungulia chini utawakuta wamejikusanya. Pono huacha alama za meno. Yapo na magonjwa yanayoacha mstari mkali kati ya nyama nzima na mfupa mweupe. Katika hali hizi zote nyama haipo na vijumba vya polipu vina kingo kali. Tumbawe lililopauka kwa joto bado lina ngozi, ila ngozi hiyo unaona kupitia ndani yake. Weupe wa joto hutangulia juu na pande zinazotazama jua. Weupe unaoanzia chini au pembeni kwa doa moja uutilie shaka.

La tatu ni rangi zisizomo kwenye kadi. Matumbawe mengine yana rangi zake mwenyewe, zambarau, waridi, bluu, kijani kinachong'aa, zinazotengenezwa na mnyama wala si mwani. Kuna ncha za bluu za Acropora, na Pocillopora za waridi. Kadi haina sanduku la rangi hizo, na msomaji akilazimisha atapata namba isiyo na maana. Tatizo huzidi wakati wa joto la wastani: baadhi ya matumbawe yakianza kupoteza mwani huongeza rangi hizo ili kujikinga na mwanga mkali unaorudishwa na mfupa mweupe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton waliueleza utaratibu huo 2020. Matokeo yake ni mwamba unaong'aa kwa rangi kali ambazo mtalii atazipiga picha kwa furaha, kumbe ni mnyama aliye hoi. Lirukeni tumbawe la namna hiyo kwenye hesabu ya kadi, lakini liandikeni pembeni na kulipiga picha. Kundi la matumbawe yaliyogeuka rangi kali kwa wiki moja ni habari kubwa kuliko namba 20 za kadi.

Majira nayo yana hila yake. Hata mwaka wa amani, kiasi cha mwani ndani ya tumbawe hupungua miezi ya joto na jua kali na kuongezeka miezi ya baridi. Tumbawe lenye 5 mwezi wa Agosti likawa 4 mwezi wa Machi linaweza kuwa halina neno. Ndiyo maana kadi isiyo na kumbukumbu ya mwaka wa kawaida ni nusu kadi.

Na kuna jambo ambalo hakuna kadi ya rangi inayoweza kuliona: zuzanthela si za namna moja. Zile za Durusdinium huvumilia joto zaidi kwa takriban nyuzi 1 hadi 1.5, lakini humlisha mwenyeji wake kwa uchache na tumbawe hukua polepole. Baada ya joto kali tumbawe linaweza kurudisha rangi likiwa na wapangaji wapya. Namba itarudi palepale, maisha hayatarudi palepale.

Ikilinganishwa na njia nyingine

Njia ya makundi kwa jicho, ambapo unakadiria asilimia ya tumbawe iliyopauka na kuliweka kwenye kundi, ni ya haraka zaidi. Mzoefu atapita matumbawe mengi mara kadhaa kuliko mwenye kadi kwa muda uleule. Watafiti wa Bahari ya Hindi ya Magharibi wameitumia sana kwa sababu inawaruhusu kuona mwamba mkubwa siku moja. Udhaifu wake ni lile kundi la "limefifia": limefifia kwa nani? Hapo kadi inashinda kabisa. Ukiwa na watu wanne, wawili wafanye makundi na wawili kadi, na sehemu moja ya mwamba ipimwe kwa njia zote mbili.

Picha za simu ndani ya mfuko usioingia maji zina kishawishi kikubwa, na kwa rangi ni mtego. Simu hurekebisha mwanga na rangi yenyewe kila picha, hivyo tumbawe lilelile likipigwa mara mbili huweza kutoka na rangi mbili. Kadi ikiwa ndani ya fremu, kando ya tumbawe, picha hugeuka kuwa ushahidi, kwani atakayeiangalia baadaye ana kipimo humohumo. Kwa hiyo picha bila kadi haifai kwa rangi, na kadi bila picha inafaa lakini haiwezi kukaguliwa. Pigeni picha ya kila tumbawe lenye alama pamoja na kadi.

Floromita ya PAM, inayopima jinsi usanisinuru wa mwani unavyofanya kazi, huona tatizo kabla rangi haijaondoka. Ni kifaa cha chuo kikuu, kwa bei na kwa matunzo. Tuiache huko.

Njia mbaya ni kuichapisha kadi nyumbani. Kila printa ina wino wake, kila karatasi ina weupe wake, na kuifunika kwa plastiki ya kung'aa huongeza mng'ao wa jua usoni. Kadi mbili za namna hiyo hazilingani hata zenyewe kwa zenyewe, seuze na takwimu za dunia. Agizeni halisi kutoka CoralWatch. Shida ya kweli kwetu ni usafirishaji kutoka Australia, basi vikundi kadhaa viagize pamoja.

Ratiba ya pwani yetu

Kuanzia Lamu hadi Mtwara, maji huwa moto zaidi Machi na Aprili, kaskazi inapolegea, upepo unapokufa na bahari kuwa shwari. Utulivu huo ambao wavuvi na wazamiaji wanaufurahia ndio unaoua: hakuna mawimbi ya kuchanganya maji ya juu na ya chini, na mwanga hupenya moja kwa moja. Kusi likianza maji hupoa. Ndivyo ilivyokuwa 1998, mwaka wa El Niño, matumbawe ya Kenya na Tanzania yalipokufa kwa wingi usiowahi kuandikwa kabla yake, na mwaka uliofuata mpango wa utafiti wa CORDIO ukaanzishwa kwa sababu hiyo. Kupauka kukarudi 2016, kisha 2024; Aprili ya 2024 NOAA na ICRI, ushirikiano wa kimataifa wa kulinda matumbawe, walitangaza tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani.

Basi msingi wa namba zenu uwekwe Oktoba au Novemba, kabla ya joto. Pimeni tena Januari mwishoni. Kuanzia katikati ya Februari hadi Mei, kila wiki mbili. Kisha mrudi Agosti au Septemba, na ziara hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, ilhali ndiyo inayojibu swali la uhai. Kadi ya Aprili inasema ni matumbawe mangapi yalipauka. Ni ya Agosti tu, pamoja na ile safu ya hai na limekufa, inayosema ni mangapi yalipona.

Ili kupima matumbawe yaleyale, tumieni hereni za plastiki za ng'ombe zenye namba, zile zinazouzwa katika maduka ya pembejeo za mifugo. Zinashikiliwa na msumari wa chuma kisichoshika kutu uliopigiliwa kwenye mwamba uliokufa sentimita 10 hivi kando ya tumbawe, kamwe si kwenye nyama hai. Huota mwani, kwa hiyo beba brashi ngumu. Chora na ramani ya mkono, maana baadhi zitang'oka. Ndani ya hifadhi hamruhusiwi kupigilia kitu bila kibali: Kenya ni Shirika la Wanyamapori (KWS), na Tanzania Bara ni Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu.

Tarehe za kuongeza ziara zifuateni kwa takwimu za NOAA, zinazopatikana bure mtandaoni. Wao hujumlisha joto la ziada kwa wiki 12 zilizopita na kulitoa kama wiki za nyuzi joto. Nyuzi 1 ya ziada kwa wiki 4 ni 4. Nyuzi 2 kwa wiki 2 ni 4 pia. Ikifika 4, tarajieni kupauka kwa kuonekana wazi. Ikifika 8, tarajieni vifo. Setilaiti inaona vipande vya kilomita 5 na ngozi ya juu ya bahari tu, haioni ghuba yenu yenye maji yaliyotuama, basi kirekodi joto kimoja kilichofungwa mwambani chenye kusoma kila nusu saa kinafaa sana. Angalieni usahihi wake kabla ya kununua. Vile vya bei ndogo hukosea kwa nusu nyuzi, na nusu nyuzi ni nusu ya joto linalopausha.

Takwimu huingizwa kwenye tovuti au programu ya simu ya CoralWatch, pamoja na tarehe, saa, mahali, kina, hali ya hewa na joto la maji, na hapo yeyote anaweza kuzisoma. Bakini na nakala yenu. Tovuti haina nafasi ya namba za hereni zenu wala safu ya hai na limekufa kwa namna mnayoihitaji ninyi, na bila hizo miaka mitano ya kazi hugeuka wastani mtupu.

Matunzo ni machache lakini yasipuuzwe. Suuzeni kadi kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya kutoka, ikaukie kivulini, ikae ndani ya bahasha nyeusi. Mafuta ya kujikinga na jua huacha utando unaobadilisha rangi, basi aliyejipaka asiishike. Jua huifubaza kadi taratibu, kwa namna isiyoonekana kwa anayeitumia kila wiki, na kadi iliyofubaa hulionyesha tumbawe kuwa na afya kuliko lilivyo, kwa sababu sanduku la 5 sasa lina weupe wa 4. Ukiagiza, agiza mbili. Moja haitoki ofisini. Kila mwanzo wa kaskazi ziwekeni kando kwa kando juani, na siku ambayo 5 ya zamani imefanana na 4 ya mpya, ya zamani itupwe na tarehe iandikwe kwenye daftari la takwimu.